Kikombe cha Oili

Taa ya njano ilipowaka tena kwenye dashibodi, Fundi Masikio aliitukana skuta ile matusi ambayo hata mkewe hakujua kama anayajua. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa kuwa kwa miaka arobaini alikuwa anainamisha kichwa, anaisikiliza injini dakika moja, kisha anakutajia ugonjwa wake. Hii ya binti yake ilimgomea. Sura ni ileile ya skuta za zamani, taa ya mviringo na makalio manene, lakini ukiipasua tumbo hukuti kabureta. Unakuta nyaya, kompyuta ndogo kama kiberiti, na ndani ya ekzosi kichujio cha kusafisha moshi. Sasa hapo mtu asikilize nini?

Binti yake ni mkunga. Jumatatu alitakiwa kuanza kazi zahanati ya mbali, kusikofika basi, na barua ya ajira ilisema wazi: awe na chombo chake chenye cheti cha ukaguzi. Leo ilikuwa Ijumaa na moshi wa skuta ulishakataliwa mara mbili. Mzee alibadilisha plagi, akabadilisha sensa, wapi! Kilichomkera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza bintiye kwenda kwa fundi mwingine wakati baba yupo.

Kwenye kituo cha ukaguzi, baba na binti wakiwa kando, mkaguzi, dada mmoja asiye na mzaha, aliingiza kipimo kwenye ekzosi, akasoma namba, akatikisa kichwa. Safari hii aliifungua ekzosi yenyewe, akapitisha kidole ndani. Kikatoka cheusi, kinateleza. Akauliza ni nani anayetia oili kwenye petroli.

"Hakuna," binti akajibu. "Nani atafanya ujinga huo? Hizi si zile za zamani."

Mzee akaliangalia tangi. Kila wiki, kabla binti hajaamka, alikuwa anafungua tangi na kumimina kikombe kidogo cha oili, kama alivyozifanyia skuta zote za maisha yake, ili injini ya mwanawe isikauke. Hakumwambia mtu. Kwake lilikuwa jambo dogo, la baba kwa mtoto.

"Ni mimi," akasema.

Mkaguzi akawaeleza kwamba oili imeshakiua kichujio, na kipya huagizwa, wiki tatu kikiwahi. Binti hakufoka. Mzee aliomba moyoni afoke, apige hata teke tairi, lakini alisimama tu anaikunja fomu ya ukaguzi, anaikunja tena, mpaka ikawa kipande kidogo kisichokunjika.

"Baba," akasema taratibu, "naomba ule ufunguo wa akiba. Usiiguse tena."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Mzee akautoa mfukoni, akamkabidhi kwa mikono miwili.