Inua Mkono wa Kushoto

Mshereheshaji yule mji mzima ulimwita Redio, na aliyeanza kumwita hivyo ni mkewe mwenyewe. Bwana yule haishiwi maneno! Mpe kipaza sauti harusini, atakuigizia mjomba aliyelewa, shangazi anayenuna kwa sababu hakupewa kiti cha mbele, babu kibogoyo anayepambana na mnofu, na watu hoi, wameshika mbavu. Bintiye wa pekee alipochumbiwa, Redio aliapa mbele ya ukoo: "Nimewasemea watoto wa watu miaka yote. Huyu ni wangu. Atakayethubutu kunishikia kipaza sauti siku hiyo, tutavunjiana heshima."

Sasa jino nalo likaona huo ndio wakati wake. Lilikuwa gego la chini, kulia, na lilimwanza zimebaki wiki tatu harusi ifike. Usiku halali, mchana haongei, na Redio asipoongea nyumba inakuwa kama ina msiba. Akasukutua maji ya chumvi, akabugia vidonge, akalalia shavu kwenye sakafu ya saruji apate ubaridi, wapi! Mkewe alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa amezama kwenye magauni ya wasimamizi wa bibi harusi. Akaacha kazi, akamkokota mumewe hadi kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yao, mpole lakini hana mzaha na kazi yake. Alilipiga jino picha, akawaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi.

"Ling'oe tu mwanangu, tusichoshane," Redio akasema.

"Jino lenyewe bado lina nguvu, baba. Kilichooza ni neva iliyo ndani. Nitaitoa, nisafishe njia za mizizi, nizizibe. Utalitafunia miaka."

"Wanasema hiyo ndiyo inatoa watu roho kwa maumivu."

"Wanaosema hivyo walichelewa kuja. Nitakuchoma ganzi. Ila mdomo ukiwa wazi na vyuma vimejaa ndani, hutaweza kuniambia kitu. Kwa hiyo ukipata shida yoyote, inua mkono wa kushoto. Nitaacha hapo hapo."

Mke alivuta kiti akakaa pembeni. Daktari hajagusa hata jino, mkono wa kushoto huo, juu! Daktari akashtuka, akauliza kuna nini.

"Nilikuwa napima breki," Redio akajibu, na mkewe akacheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Lakini baadaye, mashine ikiwa inazunguka ndani, mkono uliinuka tena, na safari hii vidole vilikuwa vinatetemeka. Daktari akaacha, akaongeza ganzi, akangoja. Mke aliuona mara zote mbili, ule mkono wa mzaha na ule wa kweli.

Walipomaliza, daktari alivua glavu akawakalisha wote wawili.

"Leo nimefanya nusu ya kazi. Nimetoa neva, nimesafisha, nimeweka dawa, na juu nimeweka kiziba cha muda. Wiki ijayo urudi nizibe mizizi yenyewe, halafu jino tutalivisha kofia lisipasuke. Maumivu yatakwisha, baba, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nimetoa kile kilichokuwa kinauma. Ugonjwa wenyewe sijaumaliza. Na mkiona uvimbe shavuni au chini ya kidevu, homa, au kumeza kwa shida, msingoje siku ya miadi, na msikimbilie duka la dawa. Nendeni hospitali, mbio. Uvimbe wa hapa unaweza kuziba njia ya hewa."

Waliitikia vizuri kabisa, kama watoto wenye adabu. Jamani, mtu anaambiwa waziwazi atadanganyika hapa, naye anakwenda kudanganyika palepale!

Maana jino lilinyamaza kimya. Redio akarudia porojo zake, akawa anafanya mazoezi ya hotuba bafuni kwa sauti inayofika hadi mtaa wa pili. Siku ya miadi ilipofika, mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, na magauni mawili hayana hata mikono.

"Niende nisiende?" Redio akauliza kutoka mlangoni.

"Linauma?"

"Halina habari."

"Basi si usubiri harusi ipite? Leo nilitaka ukachukue vitambaa vya ukumbini, baba watoto."

Maneno hayo yalimtoka yeye, kwa mdomo wake, bila hata kuinua macho kwenye upindo aliokuwa akiupima.

Kiziba kilitoka zikiwa zimebaki siku chache. Redio alikuwa anatafuna, akakitema kiganjani, akamwonyesha. "Mgeni amekwenda zake," akasema, wakacheka. Ijumaa akaanza kusikia baridi mchana wa jua kali. Akapita duka la dawa, akapewa vidonge vya kumeza, akavificha mfukoni asije kuambiwa apumzike.

Asubuhi ya harusi alikataa chai. Mkewe alimvalisha shati jipya, alilomshonea mwenyewe, na kifungo cha shingo kikagoma kufika kwenye tundu lake. Akavuta, wapi.

"Umenenepa kwa furaha, mzee," akamtania.

Ngozi ya shingo ilikuwa ya moto, imekaza. Aliigusa kwa vidole vyake hivi. Lakini gari lilikuwa linapiga honi nje, wakwe wameshatangulia, na mtu mwenye haraka haoni kitu. Akachukua sindano na uzi, akakikata kile kifungo, akakisogeza mbele kidogo, kola ikafunga. Redio alimpa dole gumba. Mkewe alikuja kukumbuka baadaye kwamba asubuhi ile nzima mumewe hakuwa amesema neno.

Ukumbini, chakula kikiwa kimeshaliwa, Redio alipanda jukwaani. Watu walianza kucheka hata kabla hajafungua mdomo. Na alipoufungua, ikatoka sauti nzito, ya kukwama, ya mtu aliyejaza ugali wa moto mdomoni.

"Wa... geni... waa..."

Ukumbi ukalipuka. "Babu kibogoyo huyo!" mtu akapiga kelele. Redio akajipangusa mate kwa leso. Mate yakazidi, hayamezeki, yakamshuka kidevuni hadi kwenye ile kola. Wee, vicheko! Watu wanapiga meza. Shemeji yake amejikunja kwenye kiti. Hata bibi harusi, aliyeapa hataharibu wanja wake, akawa anacheka na kulia.

Redio akashika shingo. Akatafuta kwa macho, meza kwa meza, hadi akamwona mkewe. Akamkazia macho yeye, yeye peke yake katika watu wote wale. Kisha akainua mkono wa kushoto.

Ukumbi mzima ukainua mkono wa kushoto. Waliona ni mchezo, na Redio hakosi michezo. Mkewe naye akauinua wake. Aliuinua juu kabisa, akaupunga, anacheka, kwa sababu kilichomjia kichwani wakati ule ni kile kiti cha daktari, na sauti ya mumewe ikisema nilikuwa napima breki.

Mkono wa Redio haukushuka. Vidole vilikuwa vinatetemeka.

Hapo ndipo moyo ulipompasuka. Aliruka meza, sahani zikamwagika, lakini mumewe alikuwa ameshaanguka na kipaza sauti chake, na watu wa nyuma walikuwa bado wanapiga makofi.

Hospitali walimpasua shingo kwenye korido, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, wapate kumwingizia hewa. Hawakuwahi. Daktari wa zamu akasema usaha ulishuka kutoka kwenye jino ukajaa chini ya ulimi na shingoni. Akauliza kama hakuna aliyeona uvimbe. Mke alikuwa bado amevaa gauni lake la sherehe, na kwenye kifua cha gauni hilo ilikuwa imechomekwa ile sindano, na kipande cha uzi mweupe.

Hakumwambia mtu habari ya mkono. Waombolezaji walisema hakuna aliyejua, mama, tungejuaje, mwenyewe alikuwa mtu wa vichekesho. Yeye akaitikia kwa kichwa.

Mwaka ulipokaribia kwisha binti aliumwa jino. Mama alimpeleka yeye mwenyewe, kwa daktari yuleyule, maana mwingine hakumtaka. Walienda mara ya kwanza, wakaenda ya pili, hata dakika hawakuchelewa. Siku ya kuzibwa mizizi, daktari alilaza kiti, akasema taratibu, "Unajua tena, ukipata shida inua mkono wa kushoto."

Mama alikaa kwenye kiti kilekile cha pembeni. Hakutazama jino, wala mashine, wala uso wa mwanawe. Alitazama ule mkono uliolala juu ya paja, na pete yake ya ndoa.

Mkono ukainuka.

"Acha!" Mama alikuwa ameshasimama, amemshika daktari bega kwa nguvu zote. "Acha, daktari, ameinua! Ameinua, mimi nimemwona!"

Mashine ikazimwa, vyuma vikatolewa mdomoni. Binti akageuza kichwa, midomo imelegea kwa ganzi, macho yamemtoka.

"Mama, nilikuwa najikuna tu sikio. Vipi?"

Mama aliuchukua ule mkono wa kushoto akaukumbatia kifuani, na daktari, aliyeanza kuelewa, akaweka chini vyombo vyake na kungoja.