Maana ya "In Short"

Mama Wengi, kama majirani walivyomwita, alianza kulea watoto wa watu sebuleni kwake baada ya kumzika wa kwake. Alikuwa zamu kiwandani, mtoto kafungiwa ndani peke yake, moto ukazuka. Tangu hapo aliapa kwamba mtaani kwao hatafungiwa mwingine.

Siku wageni wafadhili kutoka ng'ambo walipokuja kukiangalia kituo chake, alimwita mdogo wake awe mkalimani. Huyo alifanya kazi mapokezi hotelini, na Kiingereza kilimtoka kama maji. Mama Wengi akaeleza yote: moto, kaburi, magodoro ya kwanza aliyoyashona kwa mkono. Kisha akatua. Mdogo wake akajikohoza, akasema, "In short," kisha maneno mawili matatu. Wageni wakatabasamu.

Akaendelea. Kila akivuta pumzi, "In short." Akadhani ni neno la adabu, kama tafadhali.

Mwishowe wageni wakampiga picha mdogo mtu, kapakata mtoto mchanga. Mama Wengi wakampungia tu.

Punde dereva wao akarudi kuchukua mwavuli uliosahauliwa.

"Mwanangu, hii in short maana yake nini?"

"Ni kwa kifupi, mama. Mtu akiwa na maneno mengi, anayapunguza, anabakiza lile la maana."

"Na langu la maana lilikuwa lipi? Si ulikuwa hapo mlangoni?"

Dereva akainamisha macho. "Alisema, kwa kifupi, kituo ni chake. Wewe ni mpishi."

"Na moto?"

"Moto hakuutaja, mama."

Akampigia simu mdogo wake palepale.

"Dada, usikuze mambo. Wale wanataka mtu anayejua kujieleza. Nikiwa mbele mimi, si tutafaidi sote?"

"Ulinishika mkono makaburini. Umeshindwa hata kumtaja?"

"Ilikuwa ndefu mno, dada."

Mama Wengi akakata simu.

Wageni waliporudi kuandikisha kituo, alimwomba dereva atafsiri neno kwa neno, hata kama mchana wote utakwisha. Safari hii hawakutabasamu. Mmoja alifuta machozi. Kituo kikaandikishwa kwa jina lake mwenyewe.

Walipoondoka, alichukua simu ampe mtu habari njema. Kidole kikaenda chenyewe kwenye jina la mdogo wake. Akaiweka simu chini, akaenda kufua nepi.