Mzee Haingii Jikoni

Mfupa wa kwanza kuvunjika katika gemu ile ulikuwa karoti. Sikio, fundi wa sauti, aliizungushia kitambaa chenye maji, akaisogeza mbele ya maikrofoni, akaivunja polepole huku amefumba macho kama mtu anayeomba, na shingo ya binadamu ikasikika ikikatika. Hatua za zimwi zilitoka kwenye mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga mbichi. Ukelele unaosikika mwanzoni ulikuwa wa mhasibu wa ofisi, siku aliyobanwa kidole na droo. Sikio alifika mbio, si kumpa pole, bali kumuuliza kama angeweza kuurudia mara moja tu, safari hii karibu zaidi na maikrofoni.

"Vitu kama hivi watu wanavipenda," alisema mpigapicha, mwanamke aliyekodiwa kutengeneza filamu fupi ya mambo ya nyuma ya pazia. Alikuwa akizunguka ofisini na kamera begani, akiokota visa kama mtu anayeokota vifungo vilivyodondoka. "Lakini wale waliojaribu sehemu ya kwanza wana swali moja tu. Kwa nini Mzee haingii jikoni?"

Mzee ndilo jina ambalo ofisi nzima ililipa lile zimwi. Gemu yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuvumilia: unaamka katika nyumba ndogo yenye korido moja ndefu, jua la asubuhi limekwisha kuingia, na Mzee anatembea akikutafuta. Huna silaha. Akikukamata, karoti inavunjika. Penye usalama ni mahali pamoja tu, jikoni. Mzee hufika mlangoni, husimama, huhema, kisha hurudi alikotoka. Mwandishi wa programu, ambaye wote walimwita Mama Hapana kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla hujamaliza kuomba, aliipinga kanuni hiyo wiki nzima. Zimwi linaloogopa sufuria, alisema, halimtishi mtu. Baadaye ikawa ndiyo inayotisha kuliko yote: kukaa ndani, salama, na kumsikia akihema.

"Jibu lipo," alisema Msanifu. Ndiye aliyeibuni gemu na kuichora nyumba ile tofali kwa tofali. "Nitakupa kesho mbele ya kamera. Leo kuna mtu lazima aicheze kwanza."

Mtu huyo alikuwa dada yake, mkubwa wake pekee. Hakumwambia nyumba iliyomo ndani ni nyumba gani. Alijiambia kwamba anataka kumshangaza, na kwamba akiiona na kutabasamu, itakuwa kama baraka. Nyumba ya utoto wao ilikwisha kubomolewa, baba alikwisha kuzikwa na msiba wake ulikuwa mfupi. Waliobaki kuijua ni wao wawili na mama yao, ambaye siku hizi alikumbuka kidogo na kutaka kukumbuka kidogo kuliko hapo.

Baba yao alikuwa mlinzi wa usiku. Alirudi asubuhi, na alichokinywa njiani kilirudi pamoja naye. Saa hiyo mama alikwisha kuondoka kwenda kufua mashuka ya hospitali. Msanifu, akiwa na miaka saba, alikaa chini ya meza ya jikoni akisikiliza buti za baba zikija koridoni. Zilikuja hadi mlangoni, na pale mlangoni zilisimama. Zilisimama kila mara. Alipokua na kuanza kusali kwa moyo wake wote, alipata maneno ya kueleza jambo hilo: Mungu alikuwa ameweka mpaka. Aliutoa ushuhuda huo mbele ya watu, sauti ikimkatika, na watu wakaitikia amina. Ndio aliotaka kuutoa kesho. Ilimpendeza kufikiri kwamba gemu ya kutisha, iliyochezwa na watu wasiosali kabisa, ilibeba ndani yake rehema moja ambayo hakuna aliyejua ilikotoka.

Dada yake alifika akiwa na kitana kimesahauliwa kwenye nywele. Alikuwa msusi, na aliingia ofisini akiongea kama anavyoongea saluni.

"Nimefunga duka kwa ajili yako, mdogo wangu. Mteja wangu mmoja amebaki na nusu kichwa. Akiachwa na mumewe, nitamleta hapa mkae naye."

"Hutakaa sana, Dada."

"Na nikivunja hivi vyombo vyenu?"

"Tutamkata mshahara yeye," alisema Sikio, akimwonyesha Msanifu kwa kidevu.

"Basi nitavunja viwili."

Walimkalisha peke yake katika chumba kidogo cha majaribio, wakampa padi ya kuchezea na hedifoni. Wao wakakaa upande wa pili wa kioo, mahali ambapo wao wanamwona na yeye hawaoni. Kanuni ya chumba kile ilikuwa moja, na Mama Hapana aliilinda kuliko alivyolinda chakula chake: anayejaribu hasaidiwi. Haonyeshwi njia, haongeleshwi, hata akilia. Ukimsaidia mara moja, alizoea kusema, umejipima mwenyewe.

Vidole vya msusi havikuhitaji mafunzo marefu. Mara akaamka ndani ya ile nyumba, akageuza kichwa cha mchezaji kushoto na kulia, kisha akatulia. Alilitazama pazia la kijani lenye kiraka. Akalitazama doa la ukutani lenye umbo la sikio la ng'ombe. Msanifu aliegemea kioo akisubiri tabasamu.

"Pazia la mama," alisema dada yake, kwa sauti ndogo. Hakutabasamu.

Alisogeza hedifoni, akaacha sikio la kushoto wazi. Upande huo alikuwa hasikii tangu utotoni. Homa, mama alisema wakati ule, na neno hilo likakaa nyumbani kama samani. Kwa hiyo Mzee alipotokea upande wa kushoto hakumsikia, na karoti ikavunjika. Akaanza upya. Safari hii aliifuata korido moja kwa moja mpaka jikoni, akachungulia ndani, akaona meza.

"Huyo, anaingia," alisema Mama Hapana. Wote huingia.

Hakuingia. Aligeuka, akasimama nje ya mlango wa jikoni, mgongo wake kwenye mlango, uso kwenye korido. Mzee akaja. Hakukimbia. Karoti ikavunjika.

Akaanza upya, akaenda kusimama palepale.

"Hajaielewa padi," alisema Sikio.

"Ameielewa. Angalia anavyogeuka." Mama Hapana alisogeza kiti mbele. "Mbona hajifichi? Jikoni pako nyuma yake. Arudi nyuma kidogo tu."

Mara ya tatu, mara ya nne. Kila mara dada yake alikunja midomo, akapanga mabega ya mchezaji yawe katikati ya mlango, na kungoja. Hakuonekana kama mtu anayecheza. Alionekana kama mtu aliyerudi kazini baada ya likizo ndefu na kukuta kila kitu mahali pake. Mzee alimfikia, akamwinamia, skrini ikawa nyeusi, na katika weusi ule uso wa dada yake ulionekana ukisubiri kuanza tena.

Mkono wa Msanifu ulikuwa umeshika kitasa.

"Hapana," alisema Mama Hapana, bila ukali. "Tulikubaliana."

Akakiachia kitasa, akakaa. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba alikaa. Aliambiwa asiingie, naye akawa mtiifu, akamtazama, kupitia kioo kilichomkinga yeye, dada yake akianguka mara nyingine. Na akiwa amekaa vile, jambo alilolibeba miaka yote likageuka mikononi mwake likaonyesha upande wa pili. Buti zilisimama mlangoni kwa sababu palikuwa na mtu mlangoni. Mpaka aliomshukuru Mungu kwa ajili yake ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulivaa sare ya shule.

Alisimama akaingia. Safari hii Mama Hapana alimpisha.

Alivuta kiti upande wa kulia wa dada yake, upande unaosikia.

"Gemu yako ngumu," alisema dada, macho bado kwenye skrini.

"Ungeingia jikoni, Dada. Jikoni haingii."

"Nani alikwambia?"

"Hakuwahi kuingia."

"Hakuwahi," alikubali. Aliweka padi mapajani, akaifuta vitufe kwa upindo wa blauzi kama anavyofuta mkasi. "Umeijenga vizuri. Hata lile doa. Kitu kimoja tu umekosea."

"Kipi?"

"Mlango wa uani. Jikoni kulikuwa na mlango wa kutokea uani, pembeni mwa pipa la maji. Wewe umeweka ukuta."

Alitaka kubisha. Alilichora jiko lile mara zisizohesabika, alijua vigae vipi vilipasuka. Lakini alikumbuka pia kwamba jiko la gemu lilijaa mwanga, mwanga mzuri wa asubuhi uliolala sakafuni, na kwamba Sikio aliwahi kumuuliza mwanga huo unatoka wapi wakati hakuna dirisha upande ule. Alimjibu auache, ndivyo ulivyokuwa.

"Ulikuwa na komeo la chini," dada yake aliendelea. "Mama alilishusha ili ulifikie. Tulikufundisha, hukumbuki? Jumapili moja mchana. Mimi nikisimama mlangoni, wewe unafungua, unakimbilia kwa jirani, unamwita mumewe. Tulirudia na kurudia. Ulicheka sana siku ile. Ulidhani tunacheza."

"Sikutoka."

"Hukutoka."

"Hata siku moja?"

"Nilikuwa nalisikiliza lile komeo. Yeye yuko mbele yangu, mimi nasikiliza nyuma. Ulikuwa mdogo. Miaka saba ni midogo."

"Na kumi na mitatu?"

Alifikiri kidogo. "Nilijiona mkubwa."

Msanifu alitaka kusema neno, akakuta maneno yote aliyokuwa nayo ni ya ushuhuda. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulisimama mbele za watu unalia, unasema Mungu aliweka mpaka. Nilikuwa benchi la nyuma. Watu wakasema amina." Aliinuka, akajipapasa nywele, akakuta kitana, akakitazama kama cha mtu mwingine. "Na mimi nikasema amina. Ningefanyaje, nikunyang'anye?"

"Wewe ulikuwa unaomba nini? Pale mlangoni?"

"Utoke," alisema. "Hilo tu. Haya, nimeacha mtu na nusu kichwa."

Alimgusa begani akapita. Mlangoni alimtania Sikio kwamba hajavunja hata kimoja, mshahara wa mdogo wake umepona.

Msanifu alimwambia mpigapicha kwamba kesho hatakuwa na jibu, achukue habari ya karoti. Mpigapicha alisema karoti ameshaichukua. Basi, alisema Msanifu, aweke karoti peke yake. Kisha akaenda kwenye meza ya Mama Hapana, akamwomba mlango.

"Hapana. Gemu imefungwa, keshokutwa inaingia sokoni." Alimtazama usoni, akavuta pumzi, akasogeza kibodi karibu. "Mlango wapi?"

"Jikoni. Nyuma. Komeo liwe chini, mtoto alifikie."

Alibandua kipande cha ukuta. Nyuma yake palikuwa na weupe mtupu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejenga kitu huko.

"Mchezaji akifungua hapa ataanguka nje ya dunia," alisema. "Lazima niweke kitu. Huko nje kuna nini?"

Hakujua. Aliishi katika nyumba ile miaka mingi, bila shaka alicheza uani, alianika nguo uani, na bado alipoufikia mlango ule kwa mawazo, mikono yake ilibaki chini ya meza. Akampigia dada yake simu. Mashine ya kukaushia nywele ilinguruma nyuma, kisha ikanyamaza, ikasikika simu ikihamishwa sikio.

"Uani palikuwa na nini, Dada?"

"Si ungekuja kuniuliza nikiwa nimekaa." Lakini alijibu. "Kamba ya nguo. Ndoo zimefunikwa. Ua wa mabati, umefika hapa kiunoni. Halafu jirani."

"Nyumba yake?"

"Yeye mwenyewe. Asubuhi alikuwa hapo nje anatengeneza baiskeli za watu. Ametugeuzia mgongo, redio iko chini karibu naye."

"Angesikia kama ningemwita?"

Dada yake alimwambia mtu saluni ainamishe kichwa kidogo, ahsante, hivyohivyo.

"Alikuwa anasikia, mdogo wangu. Redio alikuwa anaizima."

Msanifu aligeukia ukuta wa ofisi, simu imemganda sikioni. "Kwa hiyo hata ningetoka."

"Sijui. Mtoto akija amekushika shati, ni kitu kingine. Labda. Sijui kwa kweli." Mashine ya kukaushia ikawashwa tena. "Nenda kamalize kazi yako. Na ule. Umekonda."

Alimtajia Mama Hapana vitu hivyo kimoja kimoja, naye akaviweka: kamba, ndoo, ua wa mabati, nyuma ya ua mtu aliyechuchumaa kwenye gurudumu, mgongo umepinda, shati la kazi. Mwanga ulimwangukia vizuri. Ukisimama penye mlango wa jikoni ungeweza kumwona mzima, isipokuwa uso.

"Sawa," alisema Mama Hapana. Mikono yake ilitulia juu ya vitufe. "Mchezaji akitoka, akamfikia huyu, akamshika shati. Anageuka?"

Msanifu aliutazama ule mgongo. Mama Hapana hakumharakisha. Alikaa hivyohivyo, vidole vyake juu ya vitufe, akingoja aambiwe.