Kamera Sita, Betri Mbili

Simu ya Mzee Heche iliingia mara ya nne, Mogesi akiwa amechuchumaa sakafuni kwenye duka la Steven pale Sirari, mpakani na Kenya, kachomeka kipima umeme kwenye soketi anangoja namba itulie. Hakupokea. Alijua kinachokuja. Tangu asubuhi mwenyekiti wa kijiji alikuwa na neno moja tu: chukua ile kubwa.

Mbele yake kulikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa na prosesa ya seva, boksi zito kama debe la mahindi mabichi, limetolewa kwenye ofisi fulani huko Nairobi, feni zinalia mpaka mnapaza sauti. Ya pili ilikuwa na prosesa ya kawaida ya mezani, ndogo, unaibeba kwapani na kuondoka nayo. Bei Steven aliweka moja. Ile ya seva ilikuwa imekaa dukani mwaka mzima, hakuna anayeitaka nyumbani kwake, na ya mezani inagombaniwa. Hela ya kijiji ilitosha moja tu, yoyote, kwa hiyo bei haikuwa shida. Shida ilikuwa tembo.

Miaka miwili nyuma walikuja wafadhili kijijini Kisaka, wakafunga kamera sita kwenye nguzo pembeni ya mashamba, ule upande tembo wanakotokea wakivuka kutoka hifadhini. Kamera zinapeleka picha kwenye kompyuta iliyoko ofisi ya kijiji. Kompyuta ikiona tembo inapiga simu za watu, watu wanatoka na tochi na moshi wa pilipili kabla mahindi hayajaguswa. Ilifanya kazi kweli. Wafadhili wakapiga picha na watoto, wakaondoka. Halafu mwezi wa nne radi ikapiga transfoma ya kijiji, ikaichukua na kompyuta. Transfoma mpaka leo haijaletwa nyingine. Kilichobaki ni paneli za sola juu ya bati la ofisi na betri mbili kuukuu.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa, tangu mahindi yaanze kukomaa na tembo kurudi, watu wanakesha wenyewe. Mwalimu anasinzia na chaki mkononi. Kanisani Jumapili mhubiri alisema tusimame, nusu ya benchi haikusikia. Mama Winfrida, mjane ambaye shamba lake ndilo la kwanza ukitoka porini, alilala akiwa amesimama kisimani, ndoo imejaa, maji yanamwagikia miguuni na yeye hana habari. Nusu ya mahindi yake yalikuwa yameshaliwa. Hiyo nusu iliyobaki ilihitaji siku kumi na mbili hivi ikauke avune. Siku kumi na mbili tu. Ndiyo maana Mogesi alitumwa Sirari. Shule aliachia kidato cha pili, ila kompyuta alijifunza ng'ambo ya mpaka, Isebania, kwa kukaa mlangoni kwa mafundi na kuuliza maswali mpaka wanamfukuza. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine.

Namba ikatulia. Seva ikiwa kazini, wati mia mbili na kumi. Akaiacha ikae bure, haifanyi kitu, bado ikawa inakula mia na thelathini. Ya mezani, kazini, hamsini na kitu. Akachukua kipande cha boksi akaandika, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Alitaka akosee. Hakukosea. Seva ikiwashwa saa moja jioni, betri zinakata saa nane usiku. Kuchelewa kuiwasha haiwezekani, tembo mmoja mmoja huja kuonja tangu giza linapoingia, ila kundi lenyewe la Kisaka haliji kabla ya saa tisa. Wameshajua binadamu anachoka saa ngapi.

Ya mezani ingefika asubuhi na chaji ingebaki. Sasa upande mwingine. Alikuwa na flashi yenye video za zile kamera sita, za zamani. Akaifungulia ya mezani kamera moja, ya pili, ya tatu, inaenda. Ya nne ikaanza kukwama. Ya tano ikaganda kabisa, tembo kaning'inia kwenye kioo na mguu juu. Seva ilimeza zote sita bila kutoa jasho.

Steven alikuwa anakunywa chai anamwangalia.

"Buda, unanunua akili ama unanunua stima?" akamuuliza, kwa Kiswahili cha Kenya, stima ndiyo umeme. "Beba hii kubwa. Imetengenezwa ikae on mwaka mzima. Hii haijui kuchoka."

"Betri ndiyo inachoka," Mogesi akasema.

"Basi ongeza betri."

Mogesi akaanza kukunja waya. Betri za kuongeza angekuwa nazo, angekuwa amekaa chini hapo na boksi anafanya hesabu za nini. Alifunga ile ndogo nyuma ya pikipiki kwa mipira ya tairi, akaifunika na koti lake mwenyewe, akaondoka.

Njia nzima hakuwaza prosesa. Aliwaza kamera. Kompyuta inaona tatu, nguzo ziko sita, kwa hiyo mashamba matatu yanalindwa na matatu yanaachwa, na mtu wa kuyataja mbele za watu ni yeye. Mbili zilikuwa wazi: kwa Mama Winfrida na kule korongoni, tembo wanapenda korongo. Ya tatu aliweka ya shamba la mama yake, Tabitha. Sababu alikuwa nazo. Kuanzia Tarime mpaka Nyamongo alizipanga vizuri, zikakaa kama za mtu aliyesoma. Kuanzia Nyamongo zikaanza kunuka. Kwa mama yake tembo waliingia mara moja tu mwaka huu. Kwa jirani, Mokami, waliingia mara tano. Kila mtu anajua, hata wao tembo wanajua. Alipofika Kisaka ya tatu ilikuwa ya Mokami, na mgongo unamuuma kama amepigwa.

Watu walishakusanyika kwenye veranda ya ofisi. Mzee Heche alipokea shikamoo, akalisogelea boksi, akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Mura, kijana wangu," akasema, "tumekutuma dume, umetuletea ndama."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiolala, kikaisha chenyewe. Mogesi akaeleza. Akaeleza mara mbili, ya pili kwa Kikurya, maana alimwona mzee mmoja nyuma anaitikia tu. Mmoja akauliza kwa nini ile ya zamani iliweza. Akasema ile ilikula umeme wa nguzo, haikula sola. Mwingine akasema basi ziwashwe kwa zamu, leo hizi tatu, kesho zile. Akamuuliza na tembo atawaambia nani zamu.

Mzee Heche hakuwa mjinga, na hapo ndipo Mogesi alipata taabu. Alisema hivi: kamera zililetwa kwa ajili ya kijiji, hazikuletwa kwa ajili ya watu watatu. Ni afadhali seva ione zote sita mpaka hiyo saa nane, hata kama ni nusu usiku, kuliko mtu mmoja kulindwa mpaka asubuhi na jirani yake kuachwa gizani. Kijiji hakiwezi kukaa hivyo. Watu wakaguna kukubali. Hata Mogesi mwenyewe moyoni aliguna, maana ni kweli, kijiji hakiwezi kukaa hivyo. Lakini alikuwa amechoka kuzungusha maneno.

"Mkitaka haki, seva bado iko dukani, kesho nairudia," akasema. "Saa nane itazima. Saa tisa tutaliwa wote sawasawa, hakuna atakayemwonea mwenzake wivu."

Mtoto wa mtu akakohoa. Mama Winfrida, aliyekuwa amekaa chini ameegemea ukuta na macho ameyafumba, akauliza bila kuyafumbua ni kamera zipi.

Akazitaja. Ya Mama Winfrida, ya korongoni, ya Mokami. Wakasubiri ataje za kuzima, akazitaja nazo: shamba la kanisa, kwa Mzee Heche, na nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?" Mzee Heche akauliza.

"Kwa mama."

Watu wakamgeukia Tabitha. Alikuwa anapukuchua hindi kavu mapajani, na hakuacha kupukuchua.

"Nilikuwa nakesha kabla hujazaliwa," akamwambia mwanawe. "Funga hiyo mashine yako, jua linazama."

Mzee Heche akasema basi, shamba la mwenyekiti halitakuwa na kamera. Alisema kama anasoma tangazo, halafu akaenda mwenyewe kushika ngazi, Mogesi apande kuunganisha waya.

Usiku huo simu zililia saa tisa na robo, kamera ya kwa Mama Winfrida imeona. Watu ishirini na kitu walifika, tembo saba walikuwa ndio wananyoosha mikonga kwenye uzio. Moshi, tochi, kelele. Wakageuka. Halikuvunjika hata bua moja, na Mama Winfrida akakaa chini hapohapo kwenye umande akalala, wakamfunika kanga. Mzee Heche alikuwa wa pili kufika, na tochi yake ile ndefu. Mwenyekiti haachi kuja simu ikilia. Na tembo walipogeuka walizunguka nyuma ya kanisa, wakaingia kwake, ambako hakukuwa na nguzo inayoona wala mtu, maana mtu mwenyewe alikuwa huku anawafukuza.

Asubuhi Mzee Heche alikuja ofisini suruali imelowa mpaka magotini. Mogesi alikuwa mezani anasoma chaji ya betri. Zilikuwa zimebaki nusu. Alitamani zingekuwa zimeisha, apate cha kujitetea.

Mzee akakaa kwenye benchi. Mogesi akauliza limeliwa kiasi gani, akajibiwa kwamba mtu hahesabu kitu kama hicho. Nje mtu alikuwa anapita na ng'ombe wa kulima, anawapigia mluzi.

"Ile seva," Mzee Heche akasema. "Ingewaona?"

Mogesi angeweza kumpa jibu lolote. Mzee hajui wati ni nini.

"Saa tisa ingekuwa imezima, mzee. Wangekula kwako, na kwa Mama Winfrida wangemaliza."

"Nimeuliza tu."

Akavua kiatu, akakung'uta tope, akakivaa tena.

"Zimebaki siku kumi na moja," akasema. "Leo kwangu wakae watu wawili. Mmoja uwe wewe."

Mogesi akasema yeye ni wa kukaa na mashine. Mzee akamuuliza kwani mashine haipigi simu yenyewe. Inapiga. Ndivyo alivyowaambia jana mbele ya kijiji kizima, na jana alikuwa amepanga kwamba leo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, atalala.

"Saa mbili nitakuwa nimefika," akasema.

Akatoka kwenda kumwambia mama yake. Alimkuta uani, ndio anarudi kutoka shambani, blanketi begani limelowa, macho mekundu. Kwake tembo hawakupita. Mogesi akamwambia za kwa Mzee Heche, na kwamba usiku huu anakwenda huko.

Tabitha akalianika blanketi kwenye kamba, akalivuta pande zote mbili liwe sawa.

"Nenda," akasema. "Ila ule kwanza. Usije ukasinzia shambani kwa mzee wa watu."

Akaingia jikoni kuwasha moto. Mogesi akakaa kwenye kigoda kumsubiri, na mama yake alipotoka na uji akakuta ameshalala.