Matofali Chini ya Motokari ya Yves

Habari ilianzia soko la samaki, na Hélène alirudi nayo nyumbani bila kutaka. Walisema kule Mudzipela kuna kijana ambaye motokari yake ilimwangukia akiwa chini anaitengeneza, palepale uani kwao. Mwingine akasema hapana, hakufa, alivunjika mbavu tu. Mwingine akasema ilikuwa taksi, mwingine akaapa ilikuwa kamionete. Jina la kijana hakuna aliyelijua. Lakini neno moja wote walilisema sawasawa: mama yake alikuwa jikoni, akasikia kishindo, akafikiri ni sufuria imeanguka. Akaendelea kuchambua majani yake ya sombe.

Hilo la sufuria ndilo lililomkwama Hélène kama mwiba wa samaki kooni. Kila akimeza mate, linamchoma.

Maana na yeye alikuwa na kijana, na kijana alikuwa na motokari. Yves, mtoto wake wa kwanza, aliendesha motokari kuukuu ya rangi ya majivu, akiteremka nayo Kasenyi, ziwani, kuchukua samaki ambao mke wake Joëlle aliwauza Bunia. Siku hizi ile motokari ilikuwa inalia. Ikiingia shimo, ko-ko-ko. Ukikanyaga breki, inavuta upande mmoja kama mbuzi anayekataa kamba.

"Ni silenbloki, Mama," Yves alimwambia. "Zile mipira mizito zenye bomba la chuma katikati. Njo zinashikilia bra, ule mkono wa chuma wa gurudumu. Zimekwisha, chuma inagonga chuma."

"Basi peleka garaji."

"Garaji? Mara ya mwisho niliwapelekea mlango, wakaharibu taa. Mipira mipya niko nayo tayari. Siye na Baudouin tutafanya hapa hapa. Nimeangalia video kwa simu mara nyingi. Kazi ya kufungua na kufunga."

Hélène alisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya primaire, basi. Mambo ya bulon na spana zake hayajui. Lakini mteremko wa kwenda ziwani anaujua. Aliushuka mara nyingi na mabeseni yake enzi za ujana. Motokari inayovuta upande mmoja haina kazi kule. Kwa hiyo alitaka itengenezwe, na aliogopa ikitengenezwa. Mtu akiogopa pande mbili hana pa kukimbilia.

Asubuhi ya kazi, mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu wa uani ulikuwa bado laini. Baudouin, kaka yake Joëlle, alikuja na kriki ya kunyanyulia motokari, ya Aimé. Aimé ni dereva wa taksi, jirani, na kriki yake ndiyo kriki ya avenyu nzima. Nani hajawahi kuiazima? Wakainyanyua motokari upande wa mbele, wakatoa gurudumu, wakaliviringisha mpaka ukutani. Wakafungua bra, wakaitoa, wakaiweka juu ya babula ya Joëlle, jiko lake la makaa, ili mpira wa zamani uungue utoke.

Moshi mweusi ukajaa uani. Joëlle akatoka jikoni ameziba pua.

"Baudouin! Babula yangu! Leo mutakula ugali wa mpira?"

"Shemeji wangu ndiye alisema."

"Na weye huna kichwa chako? Mama yetu alikuzaa na shingo tu?"

Walicheka, hata Yves. Hélène hakucheka. Alikuwa anaitazama kriki, jinsi mguu wake ulivyozama kidogo udongoni.

Mpira mpya uliingia kwa shida, kwa kugongwa na kwa mafuta ya kupikia, ukaingia. Ikabaki kurudisha bra mahali pake. Hapo ndipo Aimé alipoita kutoka barabarani. Taksi yake imepata pancha karibu na rond-point, pale njia zinapozunguka, na ndani iko mama mwenye mimba anayekwenda kliniki.

"Munipatie kriki yangu, bandugu. Nitairudisha."

Nani atakataa? Kriki ni ya mwenyewe, na mama mwenye mimba anangoja. Kwetu mtu akikuazima chombo halafu akakihitaji, huna mdomo wa kusema subiri. Yves akaangalia huku na huku. Kando ya ukuta kulikuwa na matofali ya kuchoma yaliyobaki walipojenga jikoni. Wakayapanga manne, moja juu ya jingine, chini ya chuma cha motokari, wakaishusha kriki polepole. Matofali yakapokea uzito. Baudouin akaisukuma motokari kwa kiganja.

"Angalia. Kama mulima."

Kriki ikaenda. Yves akatandika katoni ya sabuni, akalala chali, akaingia chini mpaka zikabaki miguu tu.

"Yves," Hélène alisema. "Hiyo motokari inakaa juu ya nini?"

"Juu ya matofali, Mama. Nyumba nzima inakaa juu ya matofali."

"Nyumba haina mtu chini yake."

"Hapana ogopa. Ni bulon mbili tu."

Akaanza kugonga. Bulon ilikataa kupita kwenye tundu, akawa anaigonga kwa nyundo kutoka chini, na kila pigo motokari ilitikisika. Hélène akasogea. Aliona kitu kidogo sana. Kutoka tofali la pili vumbi jekundu lilikuwa linamwagika, jembamba, kama pilipili inayotoka kati ya vidole. Nyundo ikipiga, linamwagika. Nyundo ikinyamaza, linakoma.

"Yves, toka."

"Mama, naomba."

"Toka, nakuambia!"

"Mama anaogopa habari za soko," Baudouin alisema, amechuchumaa na funguo ya bulon mkononi. "Mama, kule Mudzipela huyo mtu hata hayuko. Ni maneno ya bamama wa samaki."

Angefanya nini? Kijana wa miaka yake humvuti kwa mguu kama mtoto anayeoga mtoni. Ukimpigia kelele, atakuonyesha kwamba haogopi. Hélène akatazama barabarani kama mtu anayetafuta maji nyumba ikiwaka. Akamwona Muzee Théodore, mzee wa kanisa, anapita taratibu na mwavuli wake.

"Muzee! Ingia, Muzee! Mtoto wako Yves iko hapa, anataka kukusalimia!"

Chini ya motokari nyundo ikanyamaza.

"Mama," sauti ikasema kwa chini, "kwa nini unanifanyia hivi? Ni bulon moja imebaki."

"Bulon itakungoja. Muzee hangoji."

Na Muzee tayari alikuwa ameingia, anafunga mwavuli. Kusalimia mzee ukiwa umelala ni matusi. Hata mgonjwa hujaribu kuinua kichwa. Baudouin akasimama kwanza. Yves akateleza nje na uso umekunjwa, akajipangusa, na kwa kuwa vidole vilikuwa vimejaa mafuta meusi akanyoosha kifundo cha mkono. Mzee akakishika kwa mikono miwili.

"Jambo sana, mwanangu. Watoto?"

"Wazima, Muzee."

"Na bibi?"

"Iko jikoni, Muzee." Jicho lake lilikuwa limebaki kwenye ile bulon.

"Na kazi ya ziwani, inaenda? Maana nasikia samaki..."

Hakumaliza. Tofali la pili lilitoa mlio mkavu, likawa unga. Motokari ikaketi chini kwa mara moja, upande wote, na udongo ukaruka mpaka kwenye suruali ya Mzee.

Kutoka jikoni, nyuma ya nyumba, Joëlle akaita:

"Mama! Sufuria gani hiyo imeanguka?"

Hélène akakaa chini pale pale kwenye matope. Yves alikuwa anaitazama katoni. Chuma cha motokari kilikuwa kimeizamisha udongoni hapo katikati, mahali pa kifua chake, na kifundo chake kilikuwa bado mikononi mwa Mzee, ambaye hakukiachilia.

Baadaye kazi ilikwisha. Walingoja udongo ukauke, Aimé akaja mwenyewe na kriki yake, akakaa nayo mpaka mwisho, na vipande vya mti wa mkaratusi vikawekwa pembeni yake. Motokari hailii tena ko-ko-ko. Yves anateremka Kasenyi, anarudi. Hélène naye, kifuniko kikianguka jikoni, hutoka nje kwanza kuhesabu watu.

Tena juzi sokoni mama mmoja asiyemjua alimpimia habari pamoja na samaki: eti Nyakasanza, mtaa wao wenyewe, kuna kijana amekufa chini ya motokari, mama yake alikuwa anaongea na mzee wa kanisa. Hélène akaacha samaki kwenye mizani. Sasa alielewa habari ile ya kwanza ilikosa nini. Wote walijua sufuria. Hakuna aliyesema tofali. Uvumi hukupa woga, haukuambii cha kutazama. Basi cha kuepuka ni hiki:

Usiweke motokari juu ya matofali, hata ya kuchoma, hata kwa dakika moja. Tofali halikuambii kabla.

Usiingie chini kama kriki imeondoka. Mwenye kriki akiitaka, kazi isimame.

Usinyanyue juu ya udongo wa mvua bila ubao mpana chini ya kriki.

Usiliviringishe gurudumu ulilotoa mpaka ukutani. Lilaze chini ya motokari, lipokee kabla ya kifua chako.

Usigonge nyundo huku umelala chini.

Usikaze bulon za silenbloki mpaka mwisho wakati bra inaning'inia. Shusha kwanza, motokari isimame kwa magurudumu, ndipo ukaze. La sivyo mpira unajikunja na kupasuka, na utarudi chini tena.

Usichome mpira kwenye babula ya chakula.

Usione haya kumwita mzee.

Na wewe uliye jikoni, ukisikia kishindo, usiseme ni sufuria.