Kicheko cha Ndiyobwana

Barua ya kituo cha televisheni ilikaa mezani siku tisa, imewekewa kasha la miwani juu yake isipeperuke. Kituo kinatimiza miaka arobaini, ilisema, na kinataka kurusha upya vichekesho vyake vya zamani. Mwigizaji mkuu, kama bado yu hai, anaombwa achague vipindi vitatu kati ya kumi na viwili alivyocheza. Jibu lifike Ijumaa, la sivyo kanda zitarudi stoo. Hapo kwenye "kama bado yu hai" mzee alisoma mara mbili, akajigusa kifua, akaendelea.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Ndiyobwana, mtumishi wa nyumbani mwenye kaptura, aliyeangusha sinia kila wiki na kupigwa gazeti kichwani na bwana wake, watu wakavunjika mbavu. Ndiyo kazi iliyomjengea jina, na hakuwa na nyingine ya kumwachia mtu.

Mwanawe, fundi wa simu, alimletea kutoka kituoni vipindi vyote kwenye flashi. Alikuwa ameshavitazama, na akasema vimechacha. Mzee akamjibu kwamba ya kale dhahabu. Kijana akasema dhahabu ni sawa, lakini mtu mzima kuvalishwa kaptura na kupigwa gazeti, siku hizi watu watamtukana mitandaoni mpaka wachoke wenyewe. Angekuwa yeye, angeacha kanda zirudi stoo. Mzee alinuna siku mbili.

Siku ya tatu akaamua kutafuta hakimu asiye na upande. Mwanawe anamwonea haya, alijisemea, na rafiki zake wanasifu chochote ili mradi chai iwe ya moto. Lakini Mama Pacha, anayekuja Jumatano na Jumamosi kufua na kupiga pasi, ana sababu gani ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Kinyozi hajinyoi. Mtu aliyepata jina kwa kuwajua watumishi ndiye aliyewaza hivyo, na akajiona amewaza vizuri.

Jumatano asubuhi akasogeza meza ya pasi hadi sebuleni, akaketi kwenye kochi lake na rimoti mkononi. Mama Pacha akasimama nyuma yake na rundo la mashati. Sinia likaanguka, mzee akacheka, na nyuma yake Mama Pacha akacheka. Gazeti likatua kichwani, wakacheka tena. Mzee akaandika "moja" kwenye karatasi, na cha pili kilipokwisha akaandika "mbili". Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo mwaka mzima.

Katika kipindi cha tatu, bwana mwenye nyumba anawatolea wageni mzaha usio na chumvi, na Ndiyobwana, amesimama mlangoni na jagi la maji, anacheka. Kicheko kile mzee alikitafuta mwezi mzima, akishinda mkahawani kuwatazama wahudumu. Kanuni yake ilikuwa moja: unamngoja bwana aanze, unahesabu moja, unacheka, halafu unanyamaza kabla yake. Magazeti yalikisifu sana wakati ule. Alikuwa anacheka kwa kujivunia pale aliposikia kicheko kingine cha aina ileile kikitoka kwenye meza ya pasi. Kilianza nyuma ya chake kwa hesabu ya moja, kikaisha kabla ya chake.

Hakugeuka. Alingoja kipindi kiishe, yakaanza kupanda majina ya wapiga picha na washona nguo, mahali ambapo hata mwenda wazimu hana cha kuchekea. Mzee akacheka. Nyuma yake, baada ya moja, Mama Pacha akacheka.

Mzee aliona aibu. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anajichekea mwenyewe, na mama wa watu anapiga pasi na kumfanyia kazi ya pili, ya kucheka. Akafuta "moja" na "mbili". Vipindi vitatu vilivyofuata alivitazama kimya, na nyuma yake pia kukawa kimya, pasi tu ikiteleza. Mwanawe hakusema uongo.

Cha saba alitaka kukiruka. Siku ile alirekodi akiwa na homa. Bwana akishatoka, Ndiyobwana alitakiwa kufuta meza na kuondoka, lakini miguu ilimwisha nguvu. Akakaa ukingoni mwa kiti cha bwana, kitambaa mkononi, akatazama mlango, kisha akainuka. Mwongozaji alifoka, ila kanda zilikuwa adimu, ikabaki hivyo hivyo. Studioni hakucheka hata mmoja. Miaka yote mzee aliihesabu sehemu ile kuwa doa lake, na sasa akaisogeza mbele haraka kwa rimoti.

"Rudisha kidogo, mzee," Mama Pacha akasema.

Kwa miaka sita hakuwahi kuomba kitu katika nyumba ile, ukiacha sabuni. Mzee akarudisha. Ilipokwisha akarudisha tena bila kuombwa, na safari hii akageuka. Alimkuta ameshika shati hewani, mdomo ameufunga, macho hayabanduki kwenye televisheni.

Akamuuliza angekuwa yeye angechagua kipi. Mama Pacha akasema hayo ni ya wenye kazi yao. Mzee akambana.

"Hicho," akasema. "Hapo ulikuwa umechoka kweli."

"Na vile vingine?"

Alilikunja shati kwanza, akalilaza juu ya mengine.

"Vile vingine nilivicheka, mzee."

Mzee akaandika "saba" kwenye nafasi ya kwanza ya barua ya kituo, mbili zilizobaki akaziacha wazi, akaitia kwenye bahasha. Ndipo alipotambua kwamba tangu asubuhi mama huyu amesimama. Akasogea, akapigapiga kochi pembeni yake.

"Kaa kidogo, Mama Pacha."

Mama Pacha akaja, akakaa ukingoni, kitambaa cha pasi mkononi. Akatazama mlango, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kuingia. Mzee hakutaka kuhesabu, lakini alihesabu. Ilipofika tatu, Mama Pacha akainuka.

"Pasi itaunguza shati," akasema.

Mzee akatazama sakafuni. Plagi ya pasi ilikuwa imelala pale, imechomolewa tangu kipindi cha saba.