Maji ya Maganda ya Tangawizi

Nyumba ya Shangazi Lui ina mlango mmoja tu wa ndani, nao ni wa bafu. Nilipaswa kuliona hilo siku ya kwanza. Siku ya kwanza niliona mambo mengine: viatu vimepangwa mlangoni, chungu kikubwa kinatokota jikoni, na mkwe wa nyumba hiyo, Hiu-tung, amekaa kitanda cha chini na kofia ya sufu kichwani, soksi mbili mbili miguuni, mtoto wa siku kumi na mbili kifuani.

Chuo kikuu kimoja hapa Hong Kong kinafuatilia familia zaidi ya elfu moja. Kila mwaka zinaulizwa zinaishije: wanakula pamoja mara ngapi, wanagombana juu ya nini, jirani akipata shida wanamgongea mlango au wanaongeza sauti ya televisheni. Mimi ni mmoja wa wanaouliza. Kazi hii niliipata baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni, mwanangu Nok-yin akilala mgongoni kwangu hadi mwalimu akawa anafundisha kwa sauti ya chini bila kuombwa. Naipenda. Naamini kabisa kwamba watu wakiulizwa vizuri, kuna kitu kitasogea, hata kama ni kidogo.

Nyumba yenye mzazi aliyejifungua karibuni huongezewa ukurasa mmoja wa njano. Una maswali kumi, na anajibu mzazi mwenyewe, akiwa peke yake. Hiyo kanuni niliitilia sahihi.

"Peke yake wapi?" Shangazi Lui aliniuliza, akipangusa mikono kwenye aproni. "Nimtoe nje kwenye korido na upepo huu, hata mwezi wa uzazi hajamaliza? Ghorofa ya ishirini na moja hii, mwanangu, si bustani. Uliza hapa hapa. Kwetu hakuna siri."

Nikauliza hapo hapo. Siku saba zilizopita, umeweza kucheka na kuona upande mzuri wa mambo?

"Anacheka," alijibu Shangazi. "Juzi mtoto alimkojolea baba yake, tulicheka wote."

Nikaandika sifuri, maana yake hakuna tatizo. Umejilaumu bila sababu? Ajilaumu kwa lipi, na mtoto ni mnono hivi. Sifuri. Umekuwa na hofu? Hofu ya nini, na mimi niko hapa. Sifuri. Kwetu ukiingia nyumbani kwa watu unamwamkia mkubwa kwanza, na mkubwa akiwa anasema hutazami juu ya kichwa chake kumtafuta mdogo. Hakuna aliyenifundisha hayo darasani. Nilizaliwa nayo, na kalamu yangu pia ilikuwa kama imezaliwa nayo.

Hiu-tung alisema mara moja tu. Tulikuwa kwenye swali la saba, la usingizi.

"Dada," alisema, "hizo siku saba, usiku pia unahesabiwa?"

"Mzazi ana usiku huyo?" Shangazi alidakia. "Usiku wa mzazi ni zamu ya kiwandani."

Tukacheka. Hiu-tung naye alicheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayesubiri aone wengine wanacheka hadi wapi. Nikaandika sifuri.

Swali la kumi huuliza kama mzazi amewahi kuwaza kujidhuru. Sikulimaliza. Shangazi aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Maneno gani hayo mbele ya kichanga? Tema mate useme upya."

Nikageuka pembeni nikatema, tfu, tfu, mate ya uongo, kama bibi yangu alivyokuwa akitutemesha tukitaja mambo ya mkosi mwaka mpya. Kisha sikusema upya. Niliandika sifuri, nikafunga faili.

Nilipoaga, Shangazi alinipa hotpoti. Ndani mlikuwa na kile kilichokuwa kikitokota: makongoro ya nguruwe, mayai na tangawizi ndani ya siki nyeusi tamu, chakula cha mzazi, ambacho huanza kugawiwa siku ya kumi na mbili ili watu wajue nyumbani kuna heri.

"Mpelekee mumeo," alisema. "Wewe umekonda, utadhani ndiye uliyezaa."

Mume wangu Chi-hang alikula mayai matatu akalamba kijiko. "Huyu mama anajua siki," alisema. "Mbona wewe huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu uingie unazunguka kama umepoteza ufunguo."

Kweli nilikuwa nazunguka. Nilifunga dirisha, nikalifungua, nikakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Nok-yin alidhani ni mchezo akawa ananifuata nyuma, akigusa kila nilichogusa. Nilikuwa nalisikia lile swali. Usiku pia unahesabiwa? Mtu aliyelala vizuri haulizi hivyo. Na mimi nililijua vizuri kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu miaka mitatu iliyopita, Nok-yin akiwa na siku kumi, nilikuwa nafungua bomba la bafuni ili nisisikike nikilia. Mgeni akija, mama mkwe wangu alisema wote wazima. Hakusema uongo. Alisema alichokiona.

Asubuhi nilimpelekea fomu msimamizi wetu, Bwana Fok.

"Safi," alisema akiipitia. "Hakuna kisanduku kitupu. Ningekuwa na waulizaji watano kama wewe ningelala mapema."

"Ukurasa wa njano ni sifuri tupu, bosi."

"Ndiyo. Familia zenye furaha zipo."

"Zipo," nilisema. Sikuondoka. "Naomba nirudi pale."

"Umesahau nini?"

Nilitaka kumwambia. Lakini ingekuwa kukiri kwamba nimevunja kanuni niliyoitilia sahihi. "Nina hotpoti yao," nilijibu.

Bwana Fok aliniangalia juu ya miwani. "Hotpoti si sababu ya kitaalamu, Sim."

"Najua."

"Basi usiirudishe tupu," alisema, akanirudishia fomu na kunisogezea ukurasa mpya wa njano bila kuniuliza kitu kingine.

Chombo cha watu hakirudi kitupu. Niliweka ndani kipande kikubwa cha tangawizi kongwe, ile yenye nyuzi, na peremende kumi za rangi nyekundu. Shangazi Lui alipofungua kifuniko alifurahi hadi akaniita kwa jina.

"Sim, umejuaje? Leo nataka kumfuta kichwa huyu. Siku kumi na nne, ananuka siki kuliko chungu. Maganda yamenipungukia."

Mzazi haoshi nywele kwa maji ya bomba kabla ya mwezi kuisha. Maganda ya tangawizi huchemshwa, maji yakapoa hadi mkono uyavumilie, akafutwa polepole, mlango umefungwa upepo usiingie. Mlango umefungwa. Nilisimama katikati ya sebule ambayo ndiyo chumba na ndiyo jikoni, nikaangalia ule mlango wa bafu, wa plastiki, wenye komeo dogo la chuma.

"Shangazi, kile kifundo cha mkono ulichokuwa ukikikanda juzi bado kinauma?"

"Hiki kitaniuma hadi kaburini." Akatema mate ya uongo mwenyewe, tfu.

"Nipe mimi nimfute. Nimezaa, najua. Wewe shika mtoto."

Alisita. Mkwe kufutwa kichwa na mtu wa fomu. Lakini mtoto alianza kulia, chungu kikaanza kupanda, na mikono ni miwili.

Bafu lilikuwa dogo kiasi kwamba mimi nilikaa juu ya kifuniko cha choo na Hiu-tung kwenye kigoda, magoti yetu yakagusana. Mvuke ulijaa. Alivua kofia. Nywele zilikuwa zimegandamana kama za mtu aliyetoka safari ndefu. Nje kifeni cha jikoni kilinguruma. Nilichovya kitambaa, nikakamua, nikaanza nyuma ya masikio.

"Juzi nilikukosea," nilisema kwa sauti ya chini. "Nilikuja kukuuliza wewe, nikamuuliza mwingine."

 Maji yalitiririka shingoni kwake, nikayawahi.

"Nina ukurasa mfukoni. Ni yaleyale kumi. Jibu utakalo, na usipotaka basi, nitakufuta kichwa niende zangu. Ila nikwambie kabisa kabla: swali la mwisho, jibu likiwa lolote lile isipokuwa 'kamwe', lazima nimpigie nesi wetu leo leo. Siwezi kulificha. Usije ukaniona nimekusaliti."

"Naye atamwambia mama mkwe?"

"Atakuuliza wewe kwanza."

Nilifuta paji la uso. Nilihesabu mara tatu kitambaa kinaingia kwenye beseni na kutoka. Mara ya nne aliniambia, "Uliza."

Nikauliza. La kwanza, mara chache. La pili, mara chache. La kujilaumu, kila siku. Alijibu macho yamefumbwa, sauti moja, kama anayesoma namba za mabasi. Karatasi ililowa pembeni, wino ukaanza kutambaa, nikaiweka juu ya goti kavu. Kufika la kumi nilikuwa nimesahau kukamua kitambaa.

"Sijawaza kufa," alisema. "Usiandike kufa. Wakishalala namweka mtoto kitandani, naingia humu nafunga. Nakaa hapo ulipokaa. Nawaza kwamba nisipotoka wataamka tu, watampikia uji, mambo yataenda. Pengine yataenda vizuri zaidi. Kila usiku nakaa muda mrefu zaidi. Jana nilisikia analia na sikuinuka." Akafumbua macho. "Sasa hilo unaliweka wapi?"

"Mara ngapi?"

"Kila usiku. Kama usiku unahesabiwa."

"Unahesabiwa," nilisema. "Mimi ningeanzia huko."

Alilaza kichwa chake begani kwangu, kimelowa, kinanuka tangawizi. Nilikishika hivyo hivyo. 

Ndipo nikagundua kwamba kifeni hakingurumi tena. Sijui kilizimwa lini.

Nilifungua mlango. Shangazi Lui alikuwa amesimama hatua mbili, mtoto mkono mmoja, mwiko mkono wa pili.

"Nilidhani chungu kinaungua," alisema. "Nikazima feni ili nisikilize."

 Mtoto peke yake alikuwa akipiga kwikwi.

"Kwa hiyo nimemtesa," alisema hatimaye, akiniangalia mimi, si mkwe wake.

"Hajasema neno baya juu yako, Shangazi. Hata moja."

"Ndiyo maana." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mimi ndiye niliyemwambia asilie. Mzazi akilia ndani ya mwezi macho yanaharibika, tuliambiwa hivyo sote. Nikadhani ananisikiliza. Kumbe anakuja kulia humu." Aliutazama mwiko kama haujui ni wa nini. "Huyo nesi wenu huvaa sare?"

"Havai."

"Afadhali. Jirani wa mkabala macho yake hayana kazi. Mwambie aje. Na avue viatu."

Nilipiga simu kwenye korido. Nesi Tsui alisema saa kumi, kabla ya hapo nisiondoke. Niliporudi ndani nilimkuta Shangazi amepiga magoti mbele ya mlango wa bafu na bisibisi, anafungua komeo. Skrubu moja ilikuwa tayari sakafuni. Hiu-tung alikuwa anamtazama kutoka kitandani, kitambaa kichwani, uso umerudi kuwa ule wa siku ya kwanza.

"Shangazi, usiliondoe."

"Unasema nini? Ajifungie tena?"

"Ndio mlango pekee alio nao."

"Na mimi nina mkwe mmoja."

Sikujua nani ana haki. Hata sasa sijui. Nesi alituambia baadaye kwamba hilo tungoje tuliamue naye, na akauliza mara mbili kuhusu komeo hilo. Pale pale nilichoweza ni kuinama niiokote ile skrubu. Shangazi aliendelea kushika bisibisi, haizungushi, haiondoi.

Hiu-tung ndiye aliyesema. "Mama, liache. Nitakuwa nakuamsha kabla ya kuingia."

"Utaniamsha kweli?"

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kwanza. "Nitajaribu."

Shangazi Lui aliiweka bisibisi mfukoni. Akavuta kitanda chake cha kukunja kutoka ukutani, akakiburuta kuizunguka meza, akakisukuma hadi ubavu wake ukagusa mlango wa bafu, hata mtu akitaka kuingia lazima apite juu ya miguu yake. "Basi utaniamsha tu," alisema, "utake usitake."

Nesi Tsui alikuja saa kumi kasoro, akavua viatu, akamwamkia mkubwa, kisha akamgeukia mdogo akaomba wakae wawili. Mimi na Shangazi tulitoka nje kwenye korido na mtoto, tumemfunika blanketi mbili kwa ajili ya upepo. Tulitembea kutoka lifti hadi ngazi, kutoka ngazi hadi lifti. Niliweka ile fomu ya kwanza kwenye dirisha la korido nikairekebisha kwa namna tulivyofundishwa: hufuti, unapiga mstari mmoja, unatia herufi zako, unaandika sababu. Mbele ya mistari kumi niliandika sababu ileile: hakuulizwa yeye. Bwana Fok ataisoma kesho, na atakalosema atasema.

"Wewe uliwahi?" Shangazi aliniuliza ghafla tukiwa karibu na ngazi.

"Ndiyo."

"Mama mkwe wako anajua?"

"Hajui."

Alitembea hadi lifti akimpigapiga mtoto mgongoni. "Mwambie," alisema. "Ni bora kusikia kwa mdomo kuliko kwa mlango."

Nesi alibaki ndani muda mrefu. Alipotoka alisema Hiu-tung amekubali kwenda naye kliniki asubuhi, amevaa kofia, kwa teksi, na kwamba usiku wa leo simu yake mwenyewe nesi haitazimwa. Hakusema mambo yamekwisha.

Wakati naaga, Shangazi alinijazia tena hotpoti bila kuuliza. Hiu-tung alikuwa ananyonyesha. Aliinua vidole viwili kutoka mgongoni mwa mtoto, ndiyo kwaheri yake.

Kwenye lifti niliikumbatia hotpoti, joto likapenya hadi tumboni. Ilikuwa Jumanne. Chombo cha watu unaweza kukaa nacho hata wiki, hakuna atakayekudai. Kabla lifti haijafika chini nilikuwa nimeamua kukirudisha Jumatano.